Watoto Tisa wa Bibi Lukresia

S.L.P. 27,
Karatu,
Wilaya ya Mbulu.
15 Oktoba, 1978

Mpendwa Baba Mkubwa Senteu,

Shikamoo. Mimi ni Inosenti, mtoto wa marehemu Josephati, na Josephati alikuwa mdogo wako wa tumbo moja. Nimekaa na karatasi hii tangu tulipotoka kanisani nikijiuliza kama nikuite Mzee Senteu au Baba Mkubwa. Nimechagua la pili kabla hujanipa ruhusa. Ikiwa nimekosea, nivumilie mpaka mwisho wa barua, halafu uniambie nikuiteje.

Mwalimu Eliamani, wewe utakayemsomea mzee maneno haya, nakusalimu pia. Tafadhali soma polepole. Akinyanyua mkono, simama kwanza.

Baba Mkubwa, hali yako ni vipi? Nilisikia kwamba goti la kulia linakusumbua tangu masika na huendi mbali bila fimbo. Je, limepata nafuu? Ng'ombe wanaendeleaje, na mbuzi, na wake zako, na watoto? Huku wanasema joto la Engaresero mwezi huu linaunguza hata kwato za punda. Sijui kama ni kweli, maana sijafika. Sisi tu wazima wa mwili. Mvua za vuli hazijaanza na mashamba yamekwisha kulimwa, yanangoja. Shangazi yangu Leonida amekuja kutoka Baray, alikoolewa, na bado yuko nasi. Mkubwa wa baba yangu, Valeriani, hajambo. Mpaka mwezi wa nane yeye ndiye aliyekuwa baba mkubwa wangu wa pekee, lakini humu nitamwita Baba Valeriani ili asichanganywe na wewe. Hao wawili ni wadogo zako.

Habari ya kifo umekwisha kuipata kwa binti yako Naisenya. Mama yako mzazi, Lukresia, alifariki Jumanne tarehe 19 Septemba asubuhi. Alikuwa amewamwagia kuku mahindi, akaketi kwenye kigoda mlangoni, akaagiza uji. Uji ulipofika alikuwa bado ameketi, mkono mmoja gotini, lakini hakuwepo. Mimi ndiye niliyeushika ule mkono. Ulikuwa na vumbi la mahindi na ulikuwa na joto bado. Mpaka leo nikishika kalamu naona kama nimeushika huo.

Najua pia kwamba Naisenya alikuletea habari nyingine, na kwamba hiyo ilikuuma kuliko ya kwanza. Alikuambia kwamba mbele ya kaburi kijana mmoja karani alisimama na karatasi akasoma kwamba marehemu alizaa watoto wanane. Karani huyo ni mimi. Watoto walikuwa tisa, nami nilijua. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na sensa. Kazi yangu ya kila siku ni kutunza majalada ofisini hapa Karatu. Mwaka huu walitafutwa vijana waliomaliza kidato cha nne wawe makarani wa kuhesabu watu, nami nikachaguliwa. Tuliapishwa mkono juu kwamba hatutatoa siri ya mtu yeyote tuliyemhesabu, na tukaambiwa atakayetoa atafungwa. Mimi ni mtu wa kuogopa, Baba Mkubwa. Niliapa kwa sauti kubwa kuliko wenzangu wote.

Nyumba ya Bibi iliangukia katika eneo langu. Nimekulia katika nyumba hiyo, kwani baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na tatu, lakini nilipiga hodi kama mgeni, maana ndivyo tulivyofundishwa. Bibi alikuwa anapepeta maharage. Akanitazama, nikiwa na mkoba wangu wa serikali begani.

"Leo umekuja kama nani?"

"Kama karani wa sensa, Bibi."

"Basi karani akae kitini. Mjukuu wangu hukaa juu ya gogo."

Nikakaa kitini. Nikamwuliza umri, akasema alikuwa msichana wa kuchumbiwa Wajerumani walipokimbia, tukakadiria sabini na tisa. Nikauliza dini, nikauliza kama anajua kusoma, akasema anajua kusoma hali ya hewa na nyuso za wakwe. Kisha nikafika mahali panapouliza mwanamke amezaa watoto wangapi. Hapo nilifanya kosa ambalo kitabu cha maelekezo kilitukataza kabisa: niliandika nane bila kumwuliza. Nilidhani ninajua.

"Umeandika nini na mimi sijafungua kinywa?"

"Wanane, Bibi."

"Futa. Ni tisa."

Nilidhani anahesabu mimba iliyoharibika, nikamweleza kwa heshima kwamba hizo hazihesabiwi.

"Ninahesabu aliye hai," akasema, na ungo haukusimama. "Wa kiume. Anaishi mahali pengine. Wenye kuishi mahali pengine hawana nafasi yao hapo?"

Wanayo. Iko kwenye mstari wa pili. Kalamu yangu ilitoa doa juu ya fomu ya serikali, nami sijawahi kuchafua fomu. Nikamwuliza huyo mtoto ni nani. Akanijibu kwamba serikali imeuliza wangapi, haikuuliza nani. Nikaandika tisa, nikaitia sahihi, nikaifunga.

Bibi akaweka ungo chini, akanyoosha kidole kwenye lile gogo. Nikahama. Ndipo akanieleza habari zako, naye alizieleza kwa sauti ileile anayoelezea habari za mbegu.

Huenda sehemu hii unaijua kwa upande wa kule, kwa mama aliyekulea. Mimi nitakupa ya upande wa huku, kama nilivyopewa. Bibi alizaliwa Kainam, kwenye milima ya Mbulu, mtoto wa tatu. Alipokuwa na miaka kumi na saba alipata mimba na hakuwa ameolewa. Hakumtaja mwanamume, nami sikuthubutu kuuliza. Mila ya wazee wetu wakati ule ilikuwa kali. Iliaminika kwamba msichana wa namna hiyo akizalia ndani ya nchi mvua itakatika na mashamba ya watu yatakufa, kwa hiyo alipaswa kutoka nje ya mpaka kabla tumbo halijaonekana. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Mama yake alimjazia kibuyu cha unga, akakiweka nje ya mlango, akarudi ndani.

Alitembea siku nne kuelekea kaskazini. Siku ile ya sensa nilimtazama bibi yangu, mwanamke aliyekuwa hapendi hata kulala kwa bintiye Baray kwa sababu ya kuku wake, na akili yangu ikakataa kumweka peke yake katika msitu wa Ngorongoro, msichana mdogo kuliko mimi, na nyati wote wale. Akasema nyati hakuwaogopa. Aliogopa kwamba mvua ingekatika kweli.

Mzee Parsimei na mkewe walimkuta kwenye maji ya kunyweshea ng'ombe. Mke wa Parsimei hakuwa na mtoto. Wakamkaribisha. Miezi mitano baadaye ulizaliwa wewe, na siku hiyo mvua ilinyesha mpaka boma likawa tope. Bibi alicheka alipofika hapo. Akasema alikaa mlangoni na wewe mikononi akiitazama ile mvua, akawaza kwamba Kainam nzima ilimdanganya. Akakuita Tluway, jina tunalowapa watoto wa kiume wanaozaliwa mvuani. Alikuita hivyo kwa miezi saba aliyokunyonyesha. Halafu jina hilo hakulitamka tena kwa mtu yeyote mpaka aliponitamkia mimi. Sasa nakurudishia. Ni lako.

Mila ilimruhusu mwanamke kurudi, lakini si mtoto. Mke wa Parsimei alikufunga mgongoni kwake, akamsindikiza Bibi hadi ukingo wa kreta. Hakuna mwaka, aliniambia, ambao hakuwaza kwamba siku ile angekaa. Lakini alikuwa na miaka kumi na minane, na alitaka kwao.

Baadaye aliolewa na Babu, ambaye alikuja kuwa katekista. Akazaa wanane, akazika watatu. Watu walipoanza kufungua mashamba huku Karatu, ndugu za Babu walitaka kwenda upande mwingine, na Bibi akasema Karatu au hapana. Kila mtu alidhani amependa udongo mwekundu. Nyumba zote za hapa zimegeuzia upepo mgongo. Ya Bibi peke yake ina mlango unaotazama milima ya Ngorongoro, na vumbi lote linaingia ndani. Tumelalamika juu ya mlango ule tangu utoto wetu. Waliposema tuhame tukae pamoja kijijini, ile miaka ya juzi, alikubali kila kitu bila maneno, ila alimsimamia fundi mwenyewe na kumwonyesha mlango uwe wapi.

Alikuwa mkali wa kazi. Alipiga debe usiku na mchana nyati waliposhuka kwenye ngano, na mwaka mmoja alimpiga nyati kwa mwiko, nyati akaondoka. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia kwa miaka kumi na mmoja. Alinilipia karo kwa maharage. Wasichana wa kijiji walipopata mimba, wazazi wao walijua wataitwa na Bibi kabla ya kuitwa na padri, na hakuna msichana aliyefukuzwa kwao katika kijiji chetu Bibi akiwa hai. Tulidhani ni dini.

Kisha ile habari ya mahindi. Tangu nipate akili kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai aliyekuja siku za mnada na punda, na Bibi alimpimia debe likiwa na kilima juu, halafu akaongeza mikono miwili. Alipozeeka mama yule akaanza kuja msichana, naye ndiye Naisenya. Sisi tulitania. Baba Valeriani akiwaona punda alikuwa akipaza sauti, "Mmaasai wa Mama amekuja, fungeni ghala." Bibi alimjibu kwamba ghala ni la mikono yake. Sasa najua kwamba yule mama wa kwanza ni mke wa Parsimei, aliyekulea, na kwamba waliyokuwa wakinong'onezana juu ya gunia zilikuwa ni habari zako: umetahiriwa, umeoa, umepata mtoto, umeumwa, umepona. Mlipohamishwa kutoka ndani ya kreta miaka minne iliyopita, Bibi hakula siku mbili. Tulimpa dawa ya tumbo.

Aliniambia alikuona mara moja. Ilikuwa mnadani, miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Ulikuwa unauza fahali aliyevunjika pembe, na mke wa Parsimei akamwonyesha kwa kidevu. Alijisogeza mpaka karibu yako, akasimama kama mtu anayetazama fahali. Wewe ukamwamkia kama unavyomwamkia bibi mzee yeyote, "Takwenya, koko." Akaitika, "Iko." Basi. Ulikuwa na haraka. Aliniambia umerithi masikio ya baba yake.

Nilimwuliza kwa nini ameninyamazia miaka yote na kuniambia siku hiyo. Akasema alikuwa anamngoja mtu aliyeapa. Nikamwambia padri naye ameapa. Akasema ndiyo, padri anajua zamani, lakini padri husikia tu. "Wewe unaandika." Akaniagiza nisimwambie mtu wakati yeye yu hai.

Baba Mkubwa, sikujua kwamba wiki ile ile alimtuma Naisenya kwako na ujumbe kwamba sasa umeandikwa katika vitabu vya serikali kama mtoto wake, na kwamba goti likipoa uje. Hiyo ilikuwa imani yake. Fomu ile haina jina lako. Ina tarakimu tu. Lakini yeye aliona nimeandika, na kwake hilo lilitosha.

Kisha akafa, wiki tatu baadaye.

Kwetu mtu akifa husomwa wasifu wake kaburini, na kwa kuwa mimi ndiye nijuaye kuandika, Baba Valeriani aliniketisha nje akanitajia cha kuandika. Alisema, andika watoto wanane, wajukuu thelathini na wawili, na usisahau uenyekiti wa parokia. Kalamu yangu ilisimama kwenye wanane. Bibi alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo agizo lake lilikuwa limekwisha. Nilijiambia kwamba bado nina kiapo cha serikali. Nilijiambia kwamba habari niliipokea nikiwa karani. Sasa nakiri kwako kwamba nilijidanganya. Tarakimu niliipokea kitini. Habari yako niliipokea juu ya gogo. Nilimwogopa Baba Valeriani, niliwaogopa akina mama wa parokia, niliogopa sauti yangu mwenyewe mbele ya watu mia tatu. Nikaandika wanane, nikasoma wanane.

Naisenya alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa na punda wake. Watu walipotawanyika alinifuata.

"Wewe ndiye karani?"

Nikasema ndimi.

"Koko alisema umemwandika baba. Nilitembea mpaka Engaresero nikamwambia. Baba akachinja kondoo, akawaita wenzake wa rika."

"Niliandika, mama. Kweli niliandika."

"Na leo umesoma nini?"

Nikaikunja ile karatasi.

"Nikamwambie nini mzee yule? Kwamba mmemwandika mahali pasipo watu, na penye watu mmemfuta?"

Akamgeuza punda wake. Shangazi Leonida, asiyejua lolote, alimkimbilia na debe la mahindi la Bibi, lile la kila mnada. Naisenya alilitazama, akaenda zake bila kulichukua. Nimeona vifo na nimeona njaa ya mwaka wa sabini na nne, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kumwona mtu aliyetembea siku mbili kwa ajili ya mahindi akiyaacha yamekaa chini.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Ofisini nilifungua majalada nikasahau niliyafungulia nini.

Tarehe 7 mwezi huu ilikuwa siku ya kunyoa. Kwetu msiba haumaliziki mpaka wote waliotoka katika tumbo la marehemu wanyolewe, mkubwa kwanza, na aliyetangulia kufa hunyolewa badala yake mtoto wake. Mpaka hapo watu wa nyumba hawaendi mnadani, hawapandi mbegu, hawahudhurii harusi. Mwenye wembe ni Mzee Hhando, ambaye huwanyoa watu wa ukoo wetu tangu kabla sijazaliwa. Alimnyoa Leonida, akamnyoa Valeriani, akaendelea, mpaka akafika kwangu, kwa niaba ya baba yangu. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto. Wakati huo, kama desturi, akauliza bila kunyanyua macho, "Hawa ndio wote aliowazaa?"

Baba Valeriani akajibu, "Ndio wote."

Nami nikasema, "Bado mmoja."

Wembe ulisimama juu ya kichwa changu. Nilisema nikiwa nimeinama, nikitazama miguu ya Mzee Hhando, na nikaendelea kuitazama mpaka nikamaliza yote: Kainam, Parsimei, mvua, Naisenya. Sikutaja fomu. Nilipomaliza niliwasikia kuku.

Baba Valeriani alisimama. Sijawahi kumwona hivyo. Kichwa kilikuwa kinang'aa na mishipa imetoka. "Karani wa serikali ametuletea kaka wa makaratasi," akasema. "Leo mama yangu, ambaye padri alimzika kwa mavazi meupe, amekuwa msichana wa vichakani." Akaniambia kwamba kama Bibi aliniambia nikiwa kwenye kazi ya sensa, atakwenda Mbulu kwa miguu kuwaambia kwamba karani wao anatoa siri za watu, nifungwe.

Aliyemjibu ni Shangazi Leonida. Naomba Mwalimu Eliamani asome hapa kwa utulivu. Huku mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Bibi angepaswa kuitwa Mama Leonida, na majirani walijaribu miaka mingi, naye hakuitika hata mara moja. Alitaka aitwe Lukresia. Shangazi ana miaka hamsini na mitano, na maisha yake yote aliamini kwamba mama yake alimwonea aibu kwa kuwa mzaliwa wa kwanza alikuwa wa kike. Ndiyo maana aliolewa mbali. Ndiyo maana alikuwa akija mara moja kwa mwaka na kuondoka siku ya pili.

"Keti, Valeriani," akasema. "Jina halikuwa langu. Lilikuwa na mwenyewe."

Kisha akalia, lakini si kilio cha msiba tulichokuwa tumekizoea wiki zile. Alilia huku anapangusa kichwa chake kipya kwa kiganja, mara anacheka. Akaniuliza, "Ana miaka mingapi?" Nikamwambia sitini na miwili. "Basi kuna mtu wa kumwamkia katika nyumba hii," akasema. "Nimechoka kuwa wa kwanza."

Mzee Hhando akapangusa wembe akaukunja. Akasema kwa maisha yake yote hajawahi kuwanyoa wadogo kabla ya mkubwa wao, na kwamba yaliyofanyika siku ile hayakufanyika. Msiba haujakwisha. Wembe hautafunguliwa tena mpaka kichwa cha kwanza kiwe mbele yake. Mtu mmoja akauliza, na huyu kijana je, abaki hivi? Mzee Hhando akanizunguka kunitazama pande zote mbili. "Abaki hivyo," akasema. "Atakumbuka kuhesabu."

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na nywele upande mmoja. Ofisini navaa kofia. Jumatatu mkubwa wangu alisema watumishi hawavai kofia mezani. Nikaivua. Akanitazama kwa muda, akasema, "Vaa." Hajaniuliza mpaka leo.

Baba Mkubwa, sina haki ya kukuomba kitu. Lakini nakuomba. Tumepanga siku mpya, Jumamosi tarehe 25 Novemba. Bwana mifugo aliyebeba barua hii anamaliza kuchanja ng'ombe wa huko tarehe 20, na amekubali kukuwekea nafasi mbele, karibu na dereva, kwa ajili ya goti. Atapitia Nainokanoka kumchukua Naisenya, akikubali kupanda gari moja na habari zangu. Wasifu nimeuandika upya. Mtoto wa kwanza ni Tluway, ambaye anaitwa Senteu ole Parsimei. Mzee Hhando ameagiza usomwe mbele ya watu walewale, na nitakayeusoma ni mimi. Nikikukosa siku hiyo nitausoma hivyohivyo, maana ndivyo ilivyo. Lakini wembe utabaki umekunjwa, na mbegu zetu zitabaki ghalani wakati mvua za watu wengine zinanyesha.

Sikufichi kwamba Baba Valeriani alikataa. Siku nane hakuzungumza na mimi. Mbulu hakwenda. Alikuwa akipita nje ya chumba changu akikohoa, nami nilikuwa nikiacha kuandika mpaka apite. Nilijua kinachomuuma si aibu peke yake. Tangu Babu afe yeye ndiye aliyekuwa akikaa upande wa kuume wa mlango na kukata nyama ya kwanza, na sasa kuna mtu mwenye haki hiyo ambaye hajamwona usoni. Niliandika barua hii mara mbili nikiamini kwamba nakukaribisha katika nyumba ambayo mwenyewe hataki.

Leo, nilipokuwa hapo juu kwenye habari ya gari, alisimama mlangoni. Akaniuliza kama ndiyo barua ya mtu yule. Nikasema ndiyo. Akaitazama mpaka nikadhani ataichukua aichane. Halafu akasema, huku anatazama nje:

"Sitini na miwili si mchezo. Muulize kama bado ana meno. Kama hana, nyama tutamchemshia."

Basi nakuuliza, Baba Mkubwa, kwa niaba yake. Tafadhali umjibu yeye mwenyewe. Naamini atapenda.

Nisalimie wake zako na wote wa boma. Nisalimie Naisenya, na umwambie debe lake halijaguswa. Shangazi amelifunika kwa kanga na kila asubuhi anawafukuza kuku. Leonida anakuamkia shikamoo, na amesema niandike kwamba ni yake ya kwanza kumpa kaka. Mungu aliyekuletea mvua siku ulipozaliwa akulinde barabarani, wewe na goti lako.

Ni mimi mtoto wako, ninayekungoja kwa heshima na upendo,

Inosenti Josephati